Maji Yanakwenda Wapi?

Ndugu msomaji, mwanzoni mwa mwezi wa Julai 2024 mjomba wangu aliniita Mlalo. Hakukuwa na msiba wala harusi. Aliniita nikawe shahidi, kwa kuwa alikusudia kumshtaki fundi wake mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na shauri lenyewe lilikuwa la maji. Usidhani ni maji ya mfereji yanayogombewa na majirani. Yalikuwa maji ya rejeta. Kila mjomba aliposhuka Mombo na kupanda tena, gari lake lilikuwa limepoteza maji, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kumwonyesha hata tone moja lililoanguka chini.

Nimeona habari hii ifae ukurasa wa jamaa, kwani nyumba nyingi za wafanyakazi mijini zina gari kuukuu uani: Peugeot 504 ya marehemu baba, Datsun iliyosubiri spea miaka kumi, au Land Rover kama hiyo ya mjomba. Siku moja familia hukaa, hukusanya fedha, na injini huvunjwa na kuundwa upya. Kisha, baada ya furaha ya majuma mawili matatu, maji huanza kupungua. Hapo ndipo ugomvi huingia nyumbani.

Gari la mjomba ni Land Rover ndefu ya mwaka 1974, ya mfululizo wa tatu, ule ulioanza kutengenezwa kule Solihull, Uingereza, mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Ndugu zake wa kwanza walionyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, na tangu wakati huo magari haya yamebeba mabwana shamba, wauguzi, mapadri na wachungaji katika kila pembe ya nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha katika tamasha lao, na picha zake zilimtia mjomba wivu mkubwa. Yake inatumia petroli. Ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,286, na bloku yake pamoja na kichwa ni chuma cha kusubu kitupu. Aliinunua mnadani mwaka 1989. Imepeleka kabeji na viazi sokoni, imeteremsha wajawazito usiku wa mvua, na nadhani hakuna bibi harusi wa ukoo wetu ambaye hakupandishwa humo.

Mwaka 2023 injini ilichoka. Ilikuwa ikila oili na kufuka moshi wa buluu, na kupanda mlima ikashindwa. Mjomba aliuza ng'ombe wawili, akachukua na fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba. Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, ya udongo, yenye roshani ya mbao, kama zile ambazo wageni husimama kuzipiga picha Mlalo. Mkaza mjomba hakuridhika. Alisema paa ndilo linalovuja, siyo gari. Basi ndugu msomaji, utaelewa jinsi mama yule alivyocheka siku gari nalo lilipoanza kuvuja.

Fundi ni kijana wa hapo hapo, aliyejifunza kazi gerejini kwa miaka sita kabla ya kurudi kwao. Aliivunja injini yote. Silinda zilichongwa upya, akatia pistoni na ringi mpya, bearingi za krenki, vali, na gasketi ya kichwa. Robo ya ujira wake ilikuwa haijalipwa. Mjomba alisema haitalipwa kamwe, tena alitaka arudishiwe na hizo robo tatu. Kijana naye alisema yu tayari kula kiapo kwamba kazi yake ni safi. Walikuwa hawasalimiani, na watoto wao walisoma darasa moja.

Mjomba alikuwa na ushahidi. Alikuwa amelipeleka gari katika gereji moja kubwa ya mji wa huko bondeni, na wale waliitazama injini kwa muda wa dakika kumi hivi, wakatoa hukumu: kichwa cha injini kimepasuka, au gasketi yake imeungua. Dalili zao zilikuwa tatu. Maji yanapungua na hayaonekani yanapoangukia. Chini ya kifuniko cha kutilia oili kuna utando mweupe unaofanana na mtindi. Na asubuhi ekzosi hutoa moshi mweupe. Walimtajia bei ya kichwa kingine, na bei hiyo ingetaka ng'ombe wawili wengine, ambao hakuwa nao.

Mimi ni mwandishi, sijui kushika spana. Ila namfahamu mzee mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alitengeneza malori na matrekta ya shamba la mkonge huko Korogwe, na nilipita kwake nikamwomba twende sote. Alikubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba asiitwe hakimu.

Tulipanda kutoka Mombo kwa basi. Yafaa niieleze njia hiyo kidogo, kwani imo ndani ya shauri. Mombo ni kituo cha ile reli ya Tanga, iliyofika pale mwaka 1905. Kutoka hapo hadi Lushoto, kupitia Soni, ni kilometa 30 na ushei tu, lakini katika kilometa hizo chache gari hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mara nyingi kwa gia ya pili. Baada ya Lushoto safari huendelea Magamba, Lukozi na Malindi, ndipo njia ya Mlalo inapoachana na ile ya Mtae. Injini inayoburura tani ya mzigo kwa mwendo wa polepole hupata moto mwingi na upepo mchache. Kama ina udhaifu wowote katika njia za maji, mlima ule utaufichua.

Tena yako maarifa ya shuleni ambayo wengi wetu tumeyasahau. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale Tanga, kwenye usawa wa bahari. Kila upandapo mita 300, kiwango hicho hupungua kwa karibu nyuzi 1. Lushoto, kwenye mita zipatazo 1,400, birika la chai huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kifuniko tu cha kuzuia vumbi. Kina springi inayoyabana maji yasipate nafasi ya kuchemka mapema. Kifuniko cha gari la mjomba kiliandikwa 9, maana yake paundi 9 za kanieneo kwa kila inchi ya mraba, na kanieneo hiyo huongeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 10. Lakini kinachoyabana maji ndicho pia kinachoyasukuma yatoke. Tundu dogo ambalo halitoi hata unyevu gari likiwa limepoa uani, laweza kupuliza kama birika injini ikiwa na moto na kifuniko kimebana.

Tulifika jioni. Baada ya salamu na chai, mjomba alianza kusoma mashtaka yake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mghoshi, maji yanakwenda wapi?"

Mjomba alikasirika. Alisema kama angejua yanakwenda wapi asingetuita.

"Basi tukubaliane kwanza," mzee alisema, "kwamba maji hayana uchawi. Yana milango mitatu tu. Yatatoka nje, au yataingia katika oili, au yataingia katika silinda yatoke kwa ekzosi. Wale wa bondeni wamekwambia habari za milango miwili ya ndani. Je, walikuonyesha?"

Hawakumwonyesha. Hapo ndipo mzee alipoomba aitwe yule kijana. Mjomba alisita, lakini mkaza mjomba alikwisha kumtuma mtoto. Kijana alikuja amevaa shati safi kama mtu aendaye barazani. "Shikamoo mzee," alimwambia mgeni. Kwa mjomba alisema shikamoo nyingine, ya chini kidogo, na marahaba ikamrudia baada ya muda.

Swali la kwanza halikuwa la spana. Mzee alitaka kujua maji yanapungua kiasi gani, na wakati gani. Kumbe mjomba, ambaye zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, huandika kila kitu. Alileta daftari. Ndani yake tulikuta kwamba safari za hapa na pale Mlalo, za kilometa tano au sita, hazikupunguza maji kabisa. Safari ya Lushoto ilipunguza kidogo. Safari ya Mombo na kurudi, gari likiwa na mzigo, ilipunguza karibu nusu lita kila mara. Mzee alilisoma daftari lile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama injini.

Hapa nataka nikuombe, ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mtu, ufanye kama mjomba. Rejeta ya magari mengi ya zamani haina chombo cha pembeni cha kupokea maji yanayozidi. Ukiijaza mpaka shingoni, maji yakipata moto hutanuka na ziada humwagwa na mrija mdogo. Mwenye gari akifungua kesho huona yamepungua, hujaza tena, na hivyo hujitengenezea uvujaji usiokuwapo. Vilevile injini iliyofungwa upya huwa na hewa iliyonaswa katika njia zake, na hewa hiyo ikitoka, maji hushuka mara moja au mbili. Acha nafasi ya vidole viwili, pima kwa kijiti asubuhi injini ikiwa baridi, andika na kilometa. Baada ya juma moja utajua kama una ugonjwa au una hofu.

Na usifungue kifuniko hicho injini ikiwa na moto. Hili nalisema kwa akina baba wenye haraka na kwa vijana wanaotumwa. Ukikilegeza, maji yaliyokuwa yamebanwa huchemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Na iwapo unatia ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji, jua kwamba aina nyingi zake ni sumu yenye ladha tamu. Isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda mahali ambapo mtoto ataifikia.

Asubuhi ya pili kazi ilianza. Gari lilikuwa limelala usiku kucha bila kuguswa, kama mzee alivyoagiza. Alimwambia kijana alegeze boliti ya chini ya sampo polepole sana, karai likiwa tayari. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia huko hutuama chini usiku, na yatatoka ya kwanza. Tulikodoa macho. Kilichochuruzika kilikuwa oili tupu, nyeusi kidogo, safi. Mlango wa pili ukafungwa.

"Na ule mtindi?" mjomba aliuliza.

Mzee alipapasa kwenye nyumba ya themostati, akamtazama kijana, na kijana akainamisha kichwa. Themostati haikuwamo. Alikuwa ameiondoa, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kwetu wakidhani wanaisaidia injini isichemke. Themostati ni mlango unaoyazuia maji mpaka injini ipate joto lake. Ukiiondoa katika nchi ya joto waweza usione madhara upesi, lakini Mlalo mwezi wa Julai, ambako asubuhi unaiona pumzi yako mwenyewe, injini hutembea kilometa tano na kuzimwa kabla haijapata moto. Mvuke unaozaliwa ndani hauna nafasi ya kukauka. Hupanda, hugusa bati baridi la kifuniko, na kuganda humo pamoja na oili. Ndio mtindi wenyewe. Ungelikuwa katika kijiti cha kupimia oili, au oili yote ingelikuwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo kungekuwa na neno.

Moshi mweupe nao, wakati wa baridi, hutoka katika kila ekzosi. Petroli ikiungua huzaa mvuke wa maji. Wa kutiliwa shaka ni ule usiokoma hata baada ya injini kupata moto, wenye harufu tamu kama maji yana dawa. Kijana aling'oa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Zilikuwa na rangi moja, kahawia ya mchanga. Silinda inayoingiwa na maji huisafisha plagi yake ikawa nyeupe, kama iliyooshwa kwa mvuke.

Kisha walifungua mkanda wa feni, ili pampu isiyavuruge maji, wakajaza rejeta mpaka juu na kuwasha injini ingali baridi. Jaribio hili lisizidi dakika mbili au tatu, kwani maji hayazunguki. Kama gasketi imeungua, hewa ya moto kutoka katika silinda hupenya na kuleta mapovu mfululizo. Sote tuliinama kutazama ile shingo ya rejeta. Yalikuja mapovu mawili ya hewa iliyonaswa, halafu uso wa maji ukatulia, ukawa unatikisika tu kwa mtetemo wa injini. Mlango wa tatu nao ukafungwa, na kichwa cha injini, kilichohukumiwa kwa dakika kumi huko bondeni, kikaachiliwa.

Sikuficha hasira yangu. Ng'ombe wawili wangekwenda, kichwa kingine kikuukuu kingefungwa, na maji yangeendelea kupotea vile vile.

Basi yalikuwa yanatoka nje. Wapi? Walikagua mipira yote na vibano vyake, mishono ya rejeta, bomba la kumwagia maji, hita, na kile kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho kimewekwa makusudi ili sili ikiharibika pampu ilie mapema. Kote kukavu. Walitandika makaratasi ya boksi chini ya gari. Makavu.

Kipo chombo cha kupimia kanieneo ya rejeta, chenye pampu na saa yake, lakini Mlalo siku ile hakikupatikana. Mzee alichukua kifuniko kikuukuu, akatoboa katikati, akachomelea vali ya mpira wa baiskeli kwa risasi. Akakifunga, akaunga pampu ya baiskeli, na kuanza kusukuma taratibu huku akipima kwa saa ya kupimia matairi. Alifika 9 akaacha. Alimwonya kijana asipite kamwe namba iliyoandikwa kwenye kifuniko halisi, kwani rejeta yenyewe ndiyo itakayopasuka. Tulikwenda kunywa uji. Tuliporudi, saa ilisoma 6.

Kila mtu alinyamaza. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa umeonekana gari likiwa limesimama. Lakini tone bado hatukuliona.

Alisukuma tena, akaomba kioo. Mkaza mjomba alileta kioo chake kidogo cha kujitazamia, chenye mpini, na tochi. Kijana alilala juu ya injini, akakipenyeza kioo nyuma kabisa, baina ya kichwa cha injini na ukuta wa chumba cha dereva, mahali ambapo jicho halifiki. Alikaa hivyo muda. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, pana uzi."

Tulitazama kwa zamu. Katika mgongo wa kichwa cha injini kuna kizibo cha bati, mviringo, kipana kidogo kuliko sarafu. Bloku na kichwa vikisubiwa, mchanga uliotumiwa kuumba njia za maji hutolewa kupitia matundu, na matundu hayo hufungwa baadaye kwa vizibo kama hicho. Kutoka ukingoni mwake ulishuka mchirizi mwembamba wa rangi ya kutu. Maji yalikuwa yakitoka kwa kiasi cha jasho, yakatambaa mgongoni mwa injini, yakatua juu ya nyumba ya klachi, na katika joto la mlimani yakakauka papo hapo. Ndiyo sababu hapakuwa na tone. Ndiyo sababu pia Mlalo hayakupungua, na Mombo yakapungua.

Mjomba alisimama wima. "Naam," alisema. "Kazi ya nani hiyo?"

Kijana hakujibu. Alikwenda kwake, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye madoa ya oili. Ilikuwa orodha ya spea alizoomba kabla ya kuifunga injini. Mstari wa kumi na moja ulisema: vizibo vya maji, seti 1. Mstari huo ulikuwa umekatwa kwa kalamu ya buluu, na pembeni pameandikwa, kwa mwandiko ule ule wa daftari, "Vya zamani vizima."

Bei ya seti ile haikufika bei ya gunia moja la viazi.

Mzee hakumwacha mjomba peke yake katika aibu ile. Alimgeukia kijana, akamwuliza bloku na kichwa alivisafisha kwa nini. Kijana alisema alivichemsha kwa kostiki soda mpaka vikang'aa. Basi, mzee alisema, wewe nawe una sehemu yako. Gari hili limenywa maji ya mto kwa miaka mingi, na kizibo hicho kililiwa na kutu kutoka ndani. Kilichokuwa kinakiziba ni ile kutu yenyewe. Ulipoiosha, ulitoa tundu. Fundi anayesafisha injini kwa kostiki kisha akarudisha vizibo vya zamani, hata akiwa ameamriwa na mwenye mali, hana budi kusema hapana. "Ungemwambia siifungi," alisema. Kijana alijibu kwamba mzee wa watu alikuwa tayari ameuza ng'ombe, naye hakuwa na uso wa kumwomba zaidi.

Sikuweza kuamua ni lipi lilinigusa zaidi, ile kalamu ya buluu au jibu hilo.

Lilibaki suala la kuponya. Jirani mmoja alishauri itiwe bizari katika rejeta, kwamba huziba. Ni kweli wapo wanaotia bizari, wengine ute wa yai, na madukani zipo dawa za unga. Kwa dereva aliyekwama usiku porini sitamlaumu. Lakini kinachoziba tundu dogo hakichagui tundu, na rejeta ina vijibomba vyembamba tele. Mzee alikataa. Alisema kichwa kifunguliwe, kizibo kibadilishwe, na kwa kuwa gasketi ikishabanwa mara moja haifai kurudishwa, inunuliwe mpya. Na vile vizibo vya bloku vilivyobaki ni wa umri mmoja na huyu aliyekufa, kikiwamo kimoja kilicho nyuma ya gurudumu la klachi, ambacho hakifikiwi mpaka gia boksi ishushwe. Hapo mjomba aliguna sana. Akasema gia boksi haijavuja. Mkaza mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwuliza kama anataka kumletea kalamu ya buluu.

Walipatana bila mwenyekiti wa kijiji. Mjomba alinunua gasketi, seti nzima ya vizibo, themostati na dawa ya kuzuia kutu. Kijana alitoa nguvu zake bila malipo. Robo iliyobaki ingelipwa gari likishuka Mombo na kupanda mara tatu.

Kazi ilichukua siku tatu. Kichwa kilipofunguliwa, uso wake ulipimwa kwa rula ya chuma na mwanga wa tochi, haukuwa umepinda. Boliti zilikazwa kwa mpango, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye saa iliyoazimwa Lushoto. Baada ya kilometa mia kadhaa zilikazwa tena, jambo ambalo mara ya kwanza lilisahauliwa kwa sababu mwenye gari na fundi walikuwa wameshaanza kununiana.

Mimi nilirudi kazini kabla ya safari ya kwanza. Mjomba alinipigia simu mwishoni mwa Agosti, akanisomea daftari kama karani asomavyo hesabu za mwaka. Mombo mara ya kwanza, viazi magunia kumi: maji hayakupungua. Mara ya pili, kabeji: hayakupungua. Mara ya tatu alimpeleka mama mjamzito hospitali ya Lushoto usiku, kisha akaunganisha hadi Mombo kuchukua mbolea: hayakupungua. Robo ya ujira imelipwa. Paa la nyumba bado.

Nilimwuliza habari za mkaza mjomba. Alisema hajambo, ila anadai kioo chake. Kijana amekitia katika sanduku la spana, na hataki kukirudisha.